Utani: Kicheko Chenye Wajibu

Utangulizi

Kila jamii ya wanadamu ina njia zake za kuambizana ukweli pasipo kubomoa nyumba. Wengine huutia ukweli katika wimbo wa ngoma, wengine katika methali, na wengine katika hadithi za Sungura na Fisi, ambazo msikilizaji mwenye akili hutambua mara moja kuwa fisi anayesimuliwa ameketi papo hapo kando ya moto. Katika nchi yetu, pamoja na njia hizo zote, upo utani.

Siku hizi neno hili hutumika kwa maana nyepesi, kana kwamba utani ni mzaha wowote unaomtoka mtu akiwa na furaha. Maana hiyo ni pungufu. Kwa jadi, utani ni uhusiano maalumu baina ya watu wawili, koo mbili au makabila mawili. Uhusiano huo huwapa watani ruhusa ya kuchekana hadharani bila kukasirikiana, na papo hapo huwafunga wasaidiane wakati wa shida, hasa wakati wa msiba. Ruhusa na wajibu ni pande mbili za sarafu moja.

Insha hii inakusudia kueleza asili ya utani, kazi zake na safari yake katika historia yetu, kuanzia malezi ya mtoto nyumbani hadi maisha ya taifa. Hoja yake kubwa ni kwamba kicheko cha utani kina thamani kwa sababu kimefungwa na wajibu, na kwamba kikifunguliwa kutoka katika wajibu huo hugeuka kuwa tusi. Tutaanzia mashambani, katika nyanda za Mbozi, kisha tutafuata njia za wapagazi, za wafanyakazi na za wanafunzi, ambazo ndizo zilizoueneza utani nchini.

Iyula na majirani zake

Iyula ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliozaliwa mwaka 2016 kwa kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya. Nchi hii ni ya Wanyiha, wakulima wa nyanda za juu ambao zamani walijulikana kwa kilimo cha ulezi, kwa uwindaji wa tembo na kwa uhunzi. Waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo na kufua majembe yaliyolima mashamba yao na ya majirani. Siku hizi nyanda hizo zinajulikana zaidi kwa kahawa na mahindi.

Wanyiha hawakuishi peke yao. Upande wa Tunduma wako Wanyamwanga. Mashariki wako Wasafwa. Kusini-mashariki wako Wandali na Wanyakyusa. Katika karne ya 20 Wandali na Wanyakyusa wengi walihamia Mbozi kutafuta ardhi, kwa kuwa kwao mashamba yalikuwa yamebana. Hivyo basi, katika vijiji vya wilaya hii watu wa lugha tofauti walijikuta wakichota maji katika kisima kimoja, wakiuza kahawa katika chama kimoja, na wakizikana katika makaburi yaliyo jirani.

Watu wanaoishi hivyo huonana mno. Hujua nani huamka mapema na nani huamshwa na jua. Nani hulipa deni na nani hupita njia ya nyuma akimwona mdai wake. Elimu ya namna hiyo ni ya hatari. Isipopewa mahali pa kutokea hugeuka kuwa masengenyo, na masengenyo huzaa uadui. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Utani ni ufundi wa kulifanya zimwi hilo linalotujua lituchekeshe badala ya kutula.

Shule ya kwanza: bibi na mjukuu

Kama ilivyo karibu kote nchini, mtoto huanza kuujua utani akiwa magotini mwa bibi yake. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", kisha humlaumu mbele za watu kwamba tangu amwoe hajamletea hata ukuni mmoja, licha ya nyama. Mtoto, akiisha kupata ulimi, hujibu kwamba hawezi kuhangaika porini kumtafutia nyama mke asiye na meno ya kuitafunia. Watu wote hucheka, na bibi hucheka kuwapita. Babu naye humwambia mjukuu wake wa kike kuwa posa yake imekwisha kuliwa, kwa hiyo asijisumbue kutazama vijana wa kijiji cha pili.

Katika mchezo huo mtoto hufundishwa mambo makubwa. Kwanza, hujifunza kuchekwa bila kulia. Pili, hujifunza kujibu kwa akili badala ya ngumi. Tatu, hujifunza mipaka, maana maneno hayo hayo akimwambia baba yake hatapona. Baba na mama ni watu wa heshima, nao ndio wenye mamlaka ya kuamuru na kuadhibu. Babu na bibi wamekwisha kutua mzigo huo, kwa hiyo wanaweza kumfundisha mtoto kwa kicheko yale ambayo baba hufundisha kwa kukunja uso.

Mbali zaidi na utani wako wakwe. Kwa Wanyakyusa, kwa mfano, desturi ya zamani ilimtaka mwanamke amwepuke kabisa baba wa mume wake, hata asikutane naye uso kwa uso njiani. Mila ziliweka hivyo heshima kuu upande mmoja na utani upande wa pili, na kila mtu alipaswa kujua amesimama wapi kati ya pande hizo. Katika makabila mengi wapo pia mabinamu, yaani watoto wa kaka na wa dada, ambao hutaniana tangu utotoni hadi uzeeni. Mtu aliyelelewa katika utaratibu huu hakuhitaji kuambiwa kuwa kicheko kina sheria zake. Alizijua kabla hajajua kuhesabu ng'ombe.

Asili ya utani wa makabila

Kutoka nyumbani utani ulipanuka ukafika kati ya koo, kisha kati ya makabila. Historia inatuonyesha njia mbili kubwa zilizouzaa utani wa makabila: vita na safari.

Mfano maarufu wa njia ya vita ni Wangoni na Wahehe. Makabila haya mawili yenye nguvu yalipigana mwaka 1878, yakapigana tena mwaka 1881 hadi 1882. Damu nyingi ilimwagika, lakini hakuna upande ulioweza kuumeza mwingine. Wapiganaji wa namna hiyo wana mambo mawili ya kuchagua. Wanaweza kuendelea hadi pasibaki mtu wa kusimulia, au wanaweza kuheshimiana. Wajukuu wa mashujaa hao leo ni watani wakubwa. Mngoni humwuliza Mhehe kama mbwa wa jirani amekwisha kuiva; Mhehe naye humwonyesha Mngoni shimo la panya na kumtakia chakula chema. Atakayewasikia bila kujua mila atadhani vita vya tatu vinaanza. Kumbe hayo ndiyo mabaki ya vita vile viwili, yaliyogeuzwa kuwa kicheko ili yasigeuke tena kuwa mikuki. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, Wabemba na Wangoni waliopigana katika karne ya 19 nao ni watani hadi leo, tena kwa sababu iyo hiyo.

Njia ya pili ni safari. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilipita kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ikibeba pembe za ndovu, nguo na shanga. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua kama miezi miwili au mitatu. Mpagazi aliyeugua njiani hakuwa na ndugu wa kumwuguza wala wa kumfukia. Alihitaji watu ambao, ingawa si wa damu yake, wangejiona wana haki ya kumcheka akiwa mzima na wajibu wa kumzika akifa. Hivyo Wanyamwezi walipata watani katika makabila mengi yaliyopakana na njia ile, wakiwamo Wazaramo wa pwani.

Nyanda za Mbozi zilipitiwa na misukosuko hiyo hiyo. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wasangu, Wabemba na Wangoni yaliwalazimisha Wanyiha wengi kuishi katika vijiji vilivyozungushiwa maboma. Watu walioona majira hayo walijua thamani ya jirani anayeweza kubisha hodi usiku akafunguliwa. Ndiyo maana si sahihi kuudhani utani kuwa mchezo wa watu waliokosa kazi. Ulibuniwa na watu waliokuwa wameona vita, njaa na makaburi ya njiani.

Mtani katika msiba

Ili kuuelewa utani vizuri, hapana budi kumtazama mtani siku ya msiba. Desturi hutofautiana toka kabila hata kabila, lakini sura yake kubwa inajulikana. Watu wamekusanyika, wafiwa wamezimia kwa kilio, na hakuna mwenye nguvu ya kuamua jambo. Hapo mtani hufika. Anaweza kuvaa kofia ya marehemu na kutembea kwa mwendo wake, akikohoa kama alivyokohoa na kudai tumbaku kama alivyodai. Anaweza kulala njiani mbele ya jeneza na kukataa kuondoka mpaka alipwe ada, akisema kwamba marehemu amekwenda na deni lake. Anaweza hata kuwaambia wafiwa waache kulia kwa sauti mbaya namna hiyo, maana marehemu alipenda nyimbo nzuri.

Mgeni huona huo kuwa ukosefu wa adabu. Mwenyeji huona jambo jingine. Mjane aliyekataa kula tangu jana hucheka katikati ya machozi, na akiisha kucheka hukubali kunywa uji. Kisha mtani yule yule hutupa kofia, hushika jembe na kwenda kuchimba kaburi. Pengine yeye na wenzake ndio wanaopika, wanaoteka maji na wanaopokea wageni, kwa kuwa wafiwa hawajiwezi. Ndugu wa damu yumo katika maumivu sawasawa na mfiwa, na mgeni kabisa hana la kumhusu. Mtani yu karibu kiasi cha kujali, na mbali kiasi cha kutovunjika moyo.

Hapa ndipo penye ufunguo wa jambo zima. Mtu akijua kwamba mikono ya mwenzake ndiyo itakayomlaza chini, hawezi kumtukana mwenzake huyo kwa dhati. Atamcheka, atamchokoza, atamnyang'anya kuku mbele ya macho yake. Lakini ndani ya kila neno lake mna kumbukumbu ya jembe la kaburi. Aidha, anayechekwa akikumbuka hilo hana sababu ya kukasirika. Ndiyo maana anayekasirikia utani huhesabiwa kuwa mtu asiyelelewa, na kicheko humwongezekea badala ya kumpungukia.

Kioo cha tabia za watu

Kazi nyingine ya utani ni kuwasahihisha watu. Mwanadamu ana macho mawili, na yote mawili yanatazama nje. Huona kwa urahisi kigongo cha mwenzake, lakini chake hukisikia kwa wengine tu. Nyani haoni kundule. Kwa sababu hiyo kila jamii inahitaji mtu mwenye idhini ya kushika kioo.

Yupo katika kila kijiji mtu ambaye, asikiapo hodi wakati wa chakula, hufunika chungu kabla hajaitikia. Ndugu zake wanamjua, lakini wanaona haya kumwambia. Majirani hunong'onezana kisimani. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kumwita shaurini, maana hakuna sheria iliyovunjwa. Mtani peke yake ndiye awezaye kusimama mlangoni na kutangaza kwa sauti: "Mtani wangu, usijisumbue kufunika! Harufu imekwisha kunikaribisha. Kilichobaki ni wewe kuitikia." Watu hucheka, na mwenye chungu hucheka pamoja nao, kwa kuwa hana njia nyingine. Siku ya pili hodi ikipigwa, mkono wake husita juu ya kifuniko.

Hali kadhalika yupo kijana aliyekaa mjini miezi sita na ambaye, akirudi, hakumbuki tena lugha ya mama yake. Wazee wakimkemea atasema wamepitwa na wakati. Mtani hamkemei. Humwamkia kwa heshima kubwa, kisha hugeuka na kuomba aletwe mkalimani, na hapo kijana hupata lugha yake yote kwa mara moja.

Tena katika nchi ya kahawa kama Mbozi, yapo majira ambapo fedha za mauzo zikifika mkulima hubadilika hata kikohozi. Jana alikohoa kama watu wengine. Leo anakohoa taratibu, kwa sauti nzito, huku akitazama mbali. Mtani humwuliza kikohozi hicho kizuri amekinunua kwa kilo ngapi za kahawa, na kama kitadumu hadi mwezi wa kununua mbolea. Swali hilo lina hekima zaidi ya hotuba. Linamkumbusha mwenye fedha kwamba majira yana mwisho, na kwamba ada za shule na mbolea zinamngoja nyuma ya mlango.

Tutazame jinsi masahihisho hayo yanavyotendeka. Kosa hutajwa mbele ya watu, lakini mkosaji haondolewi katika kundi la watu. Anachekwa akiwa ndani, wala hafukuzwi nje. Tena zamu hugeuka: wiki ijayo mwenye chungu atapata la kumrudishia mtani wake, ambaye pengine ni mvivu wa kupalilia na shamba lake lina magugu marefu kuliko mahindi. Katika utani hakuna hakimu wa kudumu wala mshtakiwa wa kudumu. Kila mmoja hukumbushwa kwamba uchoyo, majivuno, uvivu na woga ni mali ya wanadamu wote, zimegawanywa kwa vipimo tofauti tu.

Njia za kazi

Utawala wa kikoloni ulifungua njia mpya ambazo utani ulizipitia. Mkataba wa mwaka 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili, upande wa Tunduma na upande wa Nakonde. Katika miaka ya 1920 na 1930 machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, yaliwavuta vijana wengi wa nyanda za kusini-magharibi. Wengine walivuka mpaka na kwenda kufanya kazi katika migodi ya Ukanda wa Shaba, katika nchi iliyoitwa wakati huo Rhodesia ya Kaskazini.

Huko vijana walikutana na makabila ambayo babu zao hawakuyajua. Bwana wa mgodi aliwapa namba na kitanda, hakuwapa ndugu. Mwanzuoni J. Clyde Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela katika mji wa Luanshya, alionyesha jinsi wachezaji Wabisa walivyoimba nyimbo za kujisifu na za kuyacheka makabila mengine, huku watu wa makabila hayo wakitazama na kufurahi. Utani wa vijijini ulikuwa umepata kazi mpya: uliwawezesha watu wasiojuana kuishi pamoja.

Wataalamu wengine nao waliuona utani. Mwaka 1940 A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala iliyosomwa sana, akieleza kuwa uhusiano huu huunganisha urafiki na ushindani katika fungu moja. Katika Tanganyika aliyeandika zaidi juu ya utani katika miaka ya 1940 alikuwa Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani, karibu na Tanga. Jambo hilo lenyewe lingewafaa watani: mtu aliyekuja kuwatazama ndege akaishia kuwasikiliza watu. Baadaye, katika miaka ya 1970, Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alisimamia ukusanyaji wa maelezo ya utani wa makabila mbalimbali, ukatoa majuzuu kadhaa. Kazi hiyo ina fundisho kwa walimu wetu, nalo ni kwamba historia hii haimo katika nyaraka za serikali, imo vinywani mwa wazee.

Utani katika taifa

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasisitiza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Mwaka uliofuata mamlaka ya machifu yalifutwa. Mambo mengi ya jadi yaliyotegemea kiti cha chifu yalififia pamoja na kiti hicho. Utani haukufifia, kwa sababu haukuwa na kiti. Uliishi katika midomo ya watu, nao ulisafiri nao kila walikokwenda.

Walikwenda mbali. Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963 liliwakusanya vijana wa mikoa yote katika kambi moja. Shule za sekondari za bweni zilimpeleka mtoto wa Mbozi Tabora na mtoto wa Tabora Songea. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1970 iliwaweka pamoja watu waliokuwa wametawanyika. Reli ya Uhuru, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipita katika ardhi ya Mbozi na kuvuka mpaka Tunduma, ikiwa na wafanyakazi wa kila kabila. Kila mahali hapo, swali la pili baada ya jina lilikuwa: kabila gani? Katika nchi nyingine swali hilo hutisha. Kwetu mara nyingi liliulizwa ili mwulizaji ajue kama amepata mtani. Mpare aliambiwa kwamba yu tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Mchaga aliambiwa kwamba akisikia mlio wa sarafu huamka hata akiwa ndani ya jeneza. Nao walijibu kwa silaha zilizo sawa.

Hata mpira wa miguu umeingia katika utaratibu huo. Klabu za Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa na wananchi "watani wa jadi". Wanaotumia jina hilo wanasema jambo zito kuliko wanavyodhani. Maana yake ni kwamba mashabiki wanaozomeana jioni ya mchezo wanatazamiwa kupeana rambirambi asubuhi ya msiba.

Kicheko kisicho na wajibu

Hata hivyo, hatari ipo. Wahenga walisema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Katika miji yetu, na hasa katika mji wa mpakani wenye pilikapilika kama Tunduma, watu wengi huurithi ulimi wa utani bila kuurithi mkono wake. Kijana hujua dhihaka kumi juu ya kabila la mwenzake, lakini hajui kwamba dhihaka hizo zilikuwa na bei. Humcheka mtu asiyejua jina lake, kwa simu, mbele ya maelfu ya watu wasioonana, na akisikia mtu huyo amefiwa hupita kimya. Huo si utani. Ni dhihaka iliyovaa kofia ya utani.

Historia ya jirani zetu inatuonya. Nchini Rwanda, redio RTLM iliyoanza kutangaza mwaka 1993 ilipendwa na vijana kwa muziki na mizaha yake. Lakini mizaha ile ilikwenda upande mmoja. Waliochekwa hawakuwa na nafasi ya kujibu, na waliocheka hawakuwa na wajibu wowote kwao. Binadamu waliitwa mende. Na mwaka 1994 jina hilo lilitumika kuhalalisha mauaji ya kimbari. Kicheko hicho kilimtoa mtu nje ya jamii, na aliyekwisha kutolewa nje hakupata wa kumtetea.

Upande wa pili, zipo nchi zinazoulinda utani kama mali ya taifa. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utani wa Niger katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Tukiipima mifano hii miwili, tunapata kipimo rahisi cha kutenganisha utani na dhihaka. Tujiulize mambo matatu: Je, ninayemcheka anaweza kunicheka pia? Je, tunachekana ana kwa ana? Je, akifiwa kesho nitakwenda? Ikiwa jibu la swali lolote ni hapana, afadhali tunyamaze.

Hitimisho

Tumeona kwamba utani ulianza magotini mwa bibi, ukakomaa katika vita na safari, ukapimwa katika msiba, ukaingia migodini, kambini na shuleni. Katika hatua zote hizo ulibeba hekima ile ile juu ya wanadamu: kwamba kila mtu ana kasoro, kwamba kasoro ikitajwa kwa kicheko huchukulika kuliko ikitajwa kwa hasira, na kwamba haki ya kumcheka mwenzako hununuliwa kwa kumtumikia.

Walimu wa sekondari wanaweza kufanya kazi kubwa hapa. Mwanafunzi wa Iyula, wa Tunduma au wa mahali pengine popote apewe swali hili aende nalo nyumbani wakati wa likizo: ukoo wetu una watani gani, utani huo ulitoka wapi, na siku ya msiba watani wetu hufanya kazi gani? Sehemu mbili za kwanza za swali hilo zitamletea vichekesho vingi, naye aviandike vyote. Sehemu ya tatu ndiyo itakayomfundisha. Ataporudi shuleni na kumwita mwenzake mtani, atakuwa anajua ameahidi nini.